Masinya: Nchi ya Jembe na Mto Sio

Askari apangiwapo kazi katika wilaya ya Busia, upande wa Uganda, mambo ya kwanza aelezwayo ni kituo cha forodha, barabara kuu ya malori na zile njia za panya. Mambo hayo ni ya lazima. Lakini wananchi wa gombolola ya Masinya, na jirani zao wa Masafu, Dabani na Lumino, walikuwako kabla ya forodha na kabla ya mpaka wenyewe. Historia yao inamfaa mlinzi wa usalama kabla hajamsimamisha mtu njiani na kumwuliza atokako.

Wenyeji wa sehemu hizi ni Wasamia na Wagwe, ndiyo maana jimbo lao likaitwa Samia-Bugwe. Hata neno gombolola si lao. Lilikuja na utawala wa mtindo wa Kiganda, ulioenezwa Bukedi na Semei Kakungulu na watu wake tangu mwisho wa karne ya 19, kwa faida ya Mwingereza.

Sifa kubwa ya Wasamia zama hizo ilikuwa chuma. Katika vilima vya Samia, ng'ambo ya Mto Sio, yamo mawe mekundu mazito yenye madini hayo. Mafundi waliyakusanya, wakayapanga tanurini pamoja na makaa ya miti, kisha wakavukuta moto kwa mivukuto ya ngozi iliyopuliza kupitia neli za udongo. Ilikuwa kazi ya jasho na ya siri, na mzee hakumfundisha kila apitaye. Bonge la chuma lilipotoka lilifuliwa likawa jembe, mkuki au kisu. Jembe la Msamia lilisafiri hadi Busoga na kwa Wajaluo, likabadilishwa kwa mifugo na nafaka, tena likatolewa mahari. Kwa maneno mengine, jembe lilikuwa chombo cha kazi na fedha kwa wakati mmoja. Kisha reli ikafika Kisumu mwaka 1901, na majembe ya viwanda vya Ulaya yakaja kwa bei nafuu. Tanuri moja baada ya jingine likazimika. Wapo wasemao kwamba Mwafrika hakujua ufundi kabla ya mkoloni. Heri wangefika Samia.

Mpaka nao una historia yake. Mpaka tarehe 1 Aprili 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulienea hadi Naivasha. Siku hiyo Waingereza waliuhamishia upande wa Kenya kwa kalamu tu, na mwaka 1926 wakaueleza mstari kwa sheria: kutoka mdomo wa Mto Sio ziwani, kupitia nguzo za Busia, hadi Mto Malaba na Mlima Elgon. Msamia alilala ndugu, akaamka mgeni.

Mstari huo umewahi kuwatia wakubwa tamaa. Februari 1976 Idi Amin alidai kuwa sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda. Wakenya wakaandamana kwa hasira, naye akarudi nyuma. Desemba 1987 askari wa pande mbili walirushiana risasi papo hapo Busia na mpaka ukafungwa. Kabla ya mwaka kwisha, Rais Moi na Rais Museveni walikutana Malaba kuituliza hali. Katika mambo yote mawili hakuna Msamia aliyeulizwa shauri.

Naye aliendelea kuvuka. Huvuka kwenda matangani, kuposa, kuuza samaki na muhogo. Hata neno bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu, kwa vijana wa baiskeli waliobeba abiria kutoka kituo kimoja hadi cha pili. Mfano ulio wazi zaidi ni wa ndugu wawili, watoto wa mchungaji Jeremiah Awori. Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula, akawa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi 2008. Aggrey Awori, aliyefariki Julai 2021, alikuwa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, na mwaka 2001 aligombea urais wa Uganda. Ofisa wa kituo angemwita nani kati yao mgeni?

Tangu Februari 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, na msafiri hukaguliwa mara moja tu. Hiyo ni nafuu kwa malori. Bibi kizee aliyebeba kapu kwenda kumzika dada yake ng'ambo ya Sio bado hutegemea zaidi busara ya askari aliye zamu.

Na jambo moja kwa wale wa doria. Mahali palipokuwa na tanuri la kale huachwa mawe meusi, mazito, yenye vitundu kama sponji. Hayo ni mavi ya chuma. Asiyapige teke wala kuyajengea kifusi cha barabara. Amwite mzee wa kijiji, amwulize ni ukoo gani uliovukuta hapo.