Daktari Aliyeupenda Ukungu

Majira ya baridi ya mwaka 1890 kuingia 1891 yalikuwa makali mno nchini Uingereza. Mito iliganda, na watu wengi hawakutoka nje ila kwa dharura. Lakini katika vinamasi vya Norfolk, mashariki ya nchi hiyo, palikuwa na mtu aliyechagua kuishi ndani ya mashua ya tanga mwaka mzima. Jina lake lilikuwa Peter Henry Emerson, mzaliwa wa Kuba, daktari aliyeuacha utabibu akashika kamera.

Mahali hapo huitwa Norfolk Broads. Ni nchi tambarare ya matete, mito ya polepole na maziwa madogo. Uchunguzi wa miaka ya 1950 ulithibitisha kwamba maziwa hayo si ya asili: ni mashimo ya watu wa kale waliochimba udongo wa majani yaliyooza, ambao ukikaushwa huwaka kama kuni. Baadaye maji yaliyafunika.

Emerson aliingia vinamasini akiwa na imani kubwa. Katika kitabu cha mwaka 1886, alichokitoa pamoja na mchoraji T. F. Goodall, alionyesha wakata matete na wavuvi wakiwa kazini. Mwaka 1889 aliandika kwamba picha ya kamera yaweza kuwa sanaa kamili, mradi mpigaji aifuate asili na asiunganishe vipande vya picha mbalimbali kwa hila.

Mwaka uliofuata imani hiyo ilivunjika. Wataalamu wawili, Hurter na Driffield, walitangaza kwamba weusi wa picha hufuata kanuni maalumu ya kiasi cha mwanga. Emerson alihitimu kwamba mpiga picha hana uhuru alio nao mchoraji. Akachapisha kijitabu chenye kingo nyeusi, mfano wa tangazo la msiba, akakana mafundisho yake mbele ya watu wote.

Je, aliitupa kamera? La. Matunda ya siku zile za baridi yalitokea mwaka 1895, katika kitabu kiitwacho Marsh Leaves. Kina picha 16 tu, na mabamba ya kuzichapia aliyatengeneza kwa mkono wake. Wakata matete wa zamani karibu wote wametoweka. Pamebaki mti mmoja, mashina machache ya majani yakijitazama majini, au ukingo wa mto unaofifia. Sehemu kubwa ya karatasi ni weupe mtupu, wala jicho halioni upungufu.

Siri ya weupe huo ni ukungu wenyewe. Matone yake madogo huutawanya mwanga, na vilivyo mbali hufifia kwanza. Kwa hiyo mpiga picha hukisogelea kitu kimoja, akauachia ukungu ufute vingine vyote. Inambidi afike alfajiri, kwa kuwa jua likipanda ukungu hutoweka.

Msomaji mwenye kamera na ajihadhari na jambo moja. Kipimo cha mwanga hudanganywa na weupe, na picha hutoka ya kijivu kama majivu. Dawa yake ni kuongeza mwanga mara mbili, pengine hata mara nne, ya kile kilichopimwa. Tena, kamera iliyotoka baridini ifungwe vizuri kabla ya kuingizwa katika nyumba yenye joto, na isifunguliwe upesi, ama sivyo umande utashika kioo chake.

Kitabu hicho kilikuwa cha mwisho cha picha zake. Mwaka 1899, katika chapa ya tatu ya kitabu chake cha mafundisho, Emerson alisisitiza kwamba picha ya kamera si sanaa; alifariki mwaka 1936. Hata hivyo, wengi wanaozitazama picha zile za ukungu huziona kuwa bora kuliko zote alizopiga wakati alipokuwa bado akiamini.