Mrututu na Ndoo ya Bati Havipatani

Vikundi vyetu vingi vya viazi na nyanya huchanganya mrututu na chokaa kuzuia ukungu. Dawa hii si ngeni, ilianzia kwenye mashamba ya mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, miaka ya 1880. Lakini pesa za kikundi zaweza kupotea kabla dawa haijafika shambani, kwa sababu ya chombo tu.

Mrututu ni shaba iliyoshikana na salfeti. Madini nayo hayalingani nguvu: zinki inaishinda chuma, na chuma inaishinda shaba. Sasa, hiyo ndoo ya bati ni chuma iliyopakwa zinki. Mkitia maji ya mrututu humo, zinki inaingia majini na kuchukua nafasi ya shaba. Shaba inasukumwa nje, inaganda ndani ya ndoo kama tope jekundu au jeusi. Zinki ikiisha, chuma nayo inaliwa. Hapo hasara ni mbili: shaba, ambayo ndiyo inayoua ukungu, imepungua, na ndoo imetoboka. Tumieni plastiki.

Huko ni kusukumana. Kuna aina ya pili, nayo ndiyo tunayoitaka: kubadilishana. Mrututu ukikutana na chokaa, chokaa inachukua salfeti, na shaba inageuka kuwa utando wa buluu usioyeyuka upesi. Utando huo hung'ang'ania jani hata mvua ikinyesha kidogo. Chokaa ikipungua, shaba iliyoyeyuka huunguza majani, na mkulima hudhani ni ugonjwa!

Kwa lita 20, yeyusheni gramu 200 za mrututu katika lita 10 za maji, na gramu 200 za chokaa iliyozimwa katika lita 10 nyingine. Mimineni mrututu ndani ya chokaa pole pole, mkikoroga kwa kijiti.

Kisha pimeni. Chukueni msumari wa chuma uliosuguliwa kwa msasa mpaka ung'ae, muutumbukize dakika moja au mbili. Ukitoka na wekundu, shaba ingali huru na inasukumwa na chuma, kama ilivyokuwa kwenye ndoo. Ongezeni chokaa kidogo, mpime tena mpaka msumari utoke safi.

Chujeni kwa kitambaa, mnyunyize siku hiyo hiyo, kabla ukungu haujaingia shambani. Mrututu ni sumu, na samaki hawauwezi kabisa, kwa hivyo masalio yasimwagwe mtoni.