Diski ndogo kwenye msumeno wa meza: je, inapunguza hatari?

Kama mume wako au kijana wako ni seremala na msumeno wa meza uko uani, ukurasa huu unakuhusu, hata kama hujawahi kuuwasha. Mara nyingi wewe ndiye unayekuwa karibu ajali inapotokea, na wewe ndiye unayewazuia watoto wasisogee pale mashine inaponguruma.

Jambo lenyewe huanza hivi. Mashine imetengenezwa kwa diski ya inchi 10. Diski imeisha makali, mpya ni ghali, na fundi ana nyingine ya inchi 8 au ile ya inchi 7 na robo iliyotoka kwenye msumeno wa mkono. Anaifunga. Ukimuuliza, anakujibu: "Hii ni ndogo, haina hatari."

Nusu ya jibu lake ni kweli. Diski ndogo kuliko ile ya mashine inaweza kutumika, mradi tundu lake la katikati linaingia sawasawa kwenye shafti. Ikiwa tundu ni pana zaidi, lazima pawe na bushi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si kipande cha bati au mkanda wa gundi. Diski inayocheza kwenye shafti hutikisika, na inaweza kuachia. Diski kubwa kuliko ya mashine ni jambo jingine kabisa: hiyo haifai kufungwa hata kwa kazi ya dakika moja.

Nusu ya pili ndiyo yenye matatizo. Kwenye mashine inayozunguka mara 4,000 kwa dakika, meno ya diski ya inchi 10 hukimbia karibu kilomita 190 kwa saa. Ukifunga ya inchi 8, hukimbia kama kilomita 150 kwa saa. Basi la mkoani halifiki huko. Kwa kidole, tofauti hiyo haina maana yoyote.

Kinachoondolewa ndicho kinachoumiza

Nyuma ya diski kwenye misumeno mingi ya kiwandani husimama kipande chembamba cha chuma. Hapa tukiite kisu cha nyuma, ingawa hakina makali. Kazi yake ni kuzuia mbao iliyokwisha kupasuliwa isijifunge na kuibana diski. Mbao ikiibana diski, meno ya nyuma, ambayo yanapanda juu, huinyanyua na kuirusha kwa nguvu kuelekea kwa aliyesimama mbele. Mafundi wanalijua hili vizuri, na wengi wana kovu la kukuonyesha. Wakati mwingine mbao ikirushwa huvuta na mkono uliokuwa unaisukuma, ukaishia kwenye diski.

Sasa diski ndogo inaleta mambo mawili. La kwanza, kisu hicho kinatakiwa kukaa karibu sana na meno, milimita chache tu. Diski ikipungua inchi 2, pengo huongezeka kwa takriban inchi 1, na kisu hubaki kimesimama juu kuliko diski. Kama hakiwezi kusogezwa, kazi yake inapungua sana. La pili ni baya zaidi: diski nyingi za msumeno wa mkono ni nyembamba. Njia inayokatwa kwenye mbao inaweza kuwa nyembamba kuliko kisu chenyewe. Mbao inafika pale inakwama, fundi anakasirika, anachukua spana na kukitoa kisu. Kifuniko cha diski kikiwa kimefungwa juu ya kisu hicho, nacho kinaondoka. Kufikia jioni mashine imebaki meza tupu yenye diski inayozunguka katikati.

Kwa hiyo usibishane naye juu ya inchi. Muulize: "Kile chuma cha nyuma kiko wapi? Na kifuniko?" Kama vimewekwa kando kwa sababu ya diski mpya, basi diski hiyo haifai kwa mashine hiyo.

Kuna na suala la kina. Diski ya inchi 10 kwa kawaida hupasua mbao yenye unene wa inchi 3 na kidogo. Ya inchi 8 huishia inchi 2 na kidogo. Ya inchi 7 na robo haimalizi mbao ya inchi 2 kamili. Hapo fundi huigeuza mbao akate upande wa pili, kazi inayohitaji uangalifu mkubwa, au hubadilisha puli ili diski izunguke haraka zaidi. Kila diski imeandikwa mizunguko ya juu inayoruhusiwa kwa dakika. Kuivuka namba hiyo ni kuomba diski ipasuke.

Umeme ukikatika

Hili halihusu ukubwa wa diski, lakini hatuwezi kuliacha. Misumeno iliyochomelewa mtaani mara nyingi ina swichi ya kawaida tu. Umeme ukikatika huku swichi iko chini, mashine hunyamaza. Umeme ukirudi, inawaka yenyewe. Katikati ya hapo mtoto amepanda mezani kuchezea maranda, au fundi ameingiza mkono kubadilisha diski. Sheria ya nyumba iwe moja: umeme ukikatika, plagi inatolewa. Diski ikibadilishwa, plagi inatolewa. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Na baada ya kuzima, diski huendelea kuzunguka kwa muda, kimya kimya. Watoto wasubiri hadi isimame kabisa.

Ajali ikitokea

Chomoa plagi kwanza. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, na uinue mkono juu ya usawa wa moyo. Usifungue kuchungulia kila mara. Kandamiza angalau dakika 10 bila kuachia. Damu ikilowanisha kitambaa, ongeza kingine juu yake. Vua pete mapema kabla vidole havijavimba. Usipake majivu, kahawa, mafuta ya taa wala dawa ya meno.

Kidole kikikatika kabisa, kitafute. Kisuuze kidogo kwa maji safi bila kusugua, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevunyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki na uufunge vizuri. Mfuko huo uuweke ndani ya chombo chenye maji na barafu. Kidole kisiguse barafu moja kwa moja, wala kisitumbukizwe kwenye maji au spiriti. Si kila hospitali inaweza kukirudishia, kwa hiyo uliza mapema kuhusu rufaa. Mgonjwa asile wala asinywe, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji.

Aliyepigwa na mbao tumboni au kifuani apelekwe hospitali hata kama hana jeraha la nje. Tumbo likiwa gumu, akipauka, akitoka jasho la baridi au akihema kwa shida, usisubiri asubuhi.

Ukifika, mwambie mhudumu kwamba jeraha lilitokana na msumeno na lina vumbi la mbao, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Kama mgonjwa hakumbuki alichanjwa lini, sema hivyo hivyo.