Sekunde za Kwanza Juu ya Ziwa

Mwenye karasha wa Saza, kwenye machimbo ya Lupa, anajua kwamba injini iliyonguruma vizuri Dar es Salaam hukosa pumzi ikipandishwa huku kwetu. Moshi unakuwa mweusi, mawe yanaishinda. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Ndege nayo haikwepi jambo hilo.

Tarehe 19 Desemba 1942, ndege ya usafirishaji ya Jeshi la Anga la Afrika Kusini, aina ya Lockheed Lodestar, iliruka kutoka Kisumu kuelekea kusini. Haikufika mbali. Ilianguka Ziwa Victoria na watu wote 12 waliokuwemo wakafa, akiwemo Meja Jenerali Dan Pienaar, aliyekuwa akirudi nyumbani wiki chache baada ya mapigano ya El Alamein.

Kisumu iko mita zipatazo 1,150 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 11, na joto huipunguza zaidi. Ili inyanyuke na mzigo uleule, ndege hulazimika kukimbia kwa kasi zaidi, kama asilimia 6 hivi. Lodestar, tena, ilikuwa na mabawa madogo kwa uzito wake. Ndiyo maana nyuma ya mabawa iliwekewa vibawa vinavyoteleza kwenye reli, vinatoka na kuinama ili kulipanua bawa wakati wa kuruka na kutua. Ikishapaa, rubani huvirudisha kidogo kidogo kadiri mwendo unavyopanda. Vikirudi mapema, ndege hushuka ghafla, na chini yake pamebaki mita chache tu. Juu ya ziwa lililotulia hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu maji hung'aa kama kioo na jicho halitambui yako umbali gani. Kilichobaki ni kuziamini saa zilizo mbele yako.

Hizo ndizo sekunde za marubani: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye wenzo, macho kwenye mshale wa mwendo. Vitabu huiita ajali ya Pienaar, na hilo huniuma. Jenerali siku ile alikuwa abiria. Walioishika ndege mpaka ikagusa maji walikuwa vijana wa chumba cha mbele, na kila ninapoisimulia habari hii nawakumbuka wao.