Mirathi: kikao cha ukoo hakimpi ba'mdogo nyumba

Leo tuongelee mirathi. Najua wengi mnaona ni mambo ya wazee, lakini mzee akifariki wanaotumwa kutoa kopi na kuprinti makaratasi ni sisi sisi tunaoshinda kafe, halafu hata hatusomi kilichoandikwa.

Kwa hapa Bongo huwa inakuwa hivi. Mazishi yameisha, tanga limeanuliwa, ukoo unakaa kikao na ba'mdogo anachaguliwa "kusimamia mali za marehemu". Watu wanasaini muhtasari, wanatawanyika. Wiki mbili baadaye ba'mdogo anamwambia mama atafute pa kwenda, nyumba inauzwa, yeye ndiye msimamizi. Na mama wa watu anafunga mizigo kweli!

Hapo ndipo watu wanapoliwa. Kikao kinapendekeza jina tu, anayeteua ni mahakama. Mpaka hakimu atoe ile barua ya usimamizi, ba'mdogo hana mamlaka ya kuuza hata kochi. Na akishateuliwa bado siyo mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa gharama za mazishi na madeni, kinachobaki awagawie warithi. Mjane anaweza kuomba usimamizi yeye mwenyewe, na mtoto mtu mzima pia, awe wa kike au wa kiume.

Kuhusu wapi pa kufungua, wengi wanachemka. Mzee alikuwa anaishi Morogoro mjini, kazikwa kijijini Rombo, basi familia inakimbilia mahakama ya kule kule alikozikwa. Sheria inaangalia marehemu alikuwa na makazi wapi alipofariki, siyo kaburi liko wapi. Kwa hiyo hiyo ni ya Morogoro. Kwa Dar kuna Kituo Jumuishi pale Temeke, kilianza 2021 mahsusi kwa mashauri ya familia.

Mahakama ya Mwanzo unajaza Fomu Namba 1. Beba cheti cha kifo kutoka RITA (kile kibali cha mazishi siyo cheti, usichanganye), muhtasari wa kikao, na wosia kama upo. Barua ya serikali ya mtaa nayo huwa wanaiulizia. Ndani ya fomu kuna sehemu ya kutaja warithi. Isome mwenyewe. Kuna watoto wa nje wanarukwa makusudi, kuna wadogo wanarukwa eti "bado wanasoma". Mtoto wa miaka 6 hawezi kuwa msimamizi lakini urithi wake uko pale pale.

Baada ya hapo mahakama inatoa tangazo, na mwenye pingamizi anatakiwa alipeleke kabla hakimu hajateua. Kulalamika msibani siyo pingamizi jamani, andika upeleke mahakamani.

Sasa sehemu nyeti: sheria ipi itatumika? Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Kwa Kiislamu mjane ana fungu linalojulikana, 1/8 marehemu akiwa ameacha watoto, 1/4 kama hakuacha. Kwa upande wa mila kuna tamko la mwaka 1963 linalosema mjane hana fungu kama mume ameacha ndugu wa ukoo wake, atatunzwa na watoto. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliitaka Tanzania ibadilishe hayo mambo, baada ya wajane wawili mafundi cherehani kulalamika. Kwa hiyo mtu akisema juu juu "marehemu alikuwa wa kimila" wakati mzee kaishi mjini miaka 30, kafunga ndoa kanisani na kijijini alikuwa haendi, msinyamaze. Tangu 1969 Mahakama Kuu ilishaamua kwamba yanaangaliwa maisha aliyoishi marehemu, kabila peke yake halitoshi. Mirathi ya mtu wa aina hiyo inaenda kwa sheria ya serikali, na ndiyo maana huwa inafunguliwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu.

Mwisho, kwa Mahakama ya Mwanzo msimamizi ana miezi 4 tangu ateuliwe kupeleka Fomu Namba 5, yaani orodha ya mali zote na madeni, labda mahakama imwongezee muda. Hesabu ya alichokusanya na kugawa inaingia kwenye Fomu Namba 6. Wengi wakishapata barua yao wanapotea mazima. Nyie chukueni namba ya shauri siku ile ile ya uteuzi, miezi 4 ikipita nendeni masjala mkaulize kama fomu imefika. Kama haijafika, au mali zimeanza kuyeyuka, mrithi anaweza kuiomba mahakama imwondoe na kuteua mwingine.

Aliyewahi kumng'oa msimamizi atupe uzoefu hapo chini, hasa ilimchukua muda gani.