Hiyo Madondo Imepikwa na Nini?

Juzi nilipeleka manzi flani kibandaski ya base. Alikuwa ashaniambia yeye ni vegani, nami nikaona hiyo ni rahisi: madondo, chapo mbili, sukuma pembeni, soo imemaliza kazi. Mathe kushika tu upawa, dem akauliza, "Mathe, hii madondo imepikwa na nini?"

"Haina nyama, mami. Ni supu ya mifupa tu nimeongezea ikuwe na ladha."

Upawa ukabaki hewani.

Chapo nayo? Imekandwa na maziwa ndio ikuwe laini. Akaishia kumanga avokado na ndizi, mimi nikimanga zake zote na aibu kiasi.

Wasee wengi hatuna rada hapo. Vegani hagusi kitu yoyote imetoka kwa mnyama: nyama, mayai, maziwa, hadi asali. Hilo jina lilianzia Uingereza 1944, Donald Watson na mbogi yake walipokataa kuitwa vejetariani sawa na wasee wanakunywa maziwa. Juu vejetariani wa kawaida, yule wa lakto-ovo, chai ya maziwa anakunywa na mayai anamanga. Wahindu wengi wa Parklands ni lakto: maziwa na samli freshi, mayai zii. Ovo ni kinyume, na huyo mtaani sijawahi patana naye.

Alafu kuna msee anamanga samaki na bado anajiita vejetariani. Buda, wewe ni pesketariani. Omena ni samaki, na iko hapo kwa sahani inakucheki na macho mia.

Wenye wako kali ni Wajaini, wale wa dini ya Kijaini. Kitunguu, saumu, waru, zote zii, juu uking'oa mzizi umemaliza mmea wote pamoja na vidudu vya kwa mchanga. Mahali pa waru wanatia ndizi mbichi, na inaweza. Rasta wa msosi wa ital naye nyama hataki, na wengi hata chumvi wameruka.

Na vegani lazima asake vitamini B12, ya tembe ama ya vyakula imeongezwa, juu sukuma haina.

Mbogi yangu? Sisi ni vejetariani kuanzia tarehe 15 hadi mshahara iingie.

Siku hizi mathe ana kasufuria kadogo pembeni ya jiko. Ukifika anauliza, "Ya yule msichana ama ya mifupa?" Base yote inaitisha ya mifupa.