Ritifaa ya Murang'a na makosa ya alama katika miongozo ya hifadhidata

TUNAPOTAJA makosa ya uakifishaji, aghalabu fikra zetu hukimbilia insha za wanafunzi: koma iliyosahaulika, nukta isiyo mahali pake, alama za mtajo zilizofunguliwa zikaachwa wazi. Mwalimu huzungushia kalamu nyekundu, alama moja hukatwa, na maisha yakaendelea. Katika makala haya ninakusudia kuangazia uga ambao kosa la aina hiyo halikati alama tu bali linaweza kufuta rekodi za wateja wa duka zima. Uga huo ni uandishi wa miongozo ya programu za hifadhidata.

Hifadhidata ni mkusanyiko wa taarifa uliopangwa kwa utaratibu unaoiwezesha tarakilishi kuzitafuta, kuzibadilisha na kuzifuta upesi. Wenzetu wa Tanzania wengi husema kanzidata, kutokana na neno kanzi lenye maana ya hazina. Kwa masikio yangu kanzidata ni neno tamu zaidi, lakini hifadhidata ndilo lililozoeleka huku kwetu, basi nitalishikilia. Daftari la wanachama wa sacco, orodha ya wagonjwa, matokeo ya mitihani: vyote hivi leo hukaa katika hifadhidata. Anayetaka kuzungumza nayo hutumia lugha maalumu iitwayo SQL, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM mnamo 1974. Kwa kuwa hakuna anayezaliwa akiijua lugha hiyo, kila programu ya hifadhidata huja na mwongozo wake wa matumizi. Ule wa programu ya PostgreSQL ukichapishwa hupita kurasa 2,000.

Sasa basi, mwongozo wa namna hii hauandikwi kama barua. Mwandishi huchanganya matini na alama zinazoieleza tarakilishi kila kipande cha maandishi ni nini: hiki ni kichwa, hii ni amri, hili ni jina la faili. Desturi yenyewe ni kongwe. Katika matbaa za zamani mhariri aliandika pembeni mwa mswada maagizo kwa mpanga herufi, kwamba neno hili lilazwe na kichwa kile kikolezwe. Kilichofanyika baadaye ni kuyahamishia maagizo hayo ndani ya faili. Mnamo 1969 Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie, nao pia wa IBM, walianza kubuni lugha ya alama iliyoitwa GML. Ndiyo, hizo ni herufi za kwanza za majina yao ya ukoo. Kutokana nayo ilizaliwa SGML, iliyofanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, na ukoo huo ukaendelea hadi HTML inayobeba kurasa za mtandao, na XML ya mwaka 1998. La kufurahisha ni kwamba huyo Lorie alishiriki pia katika mradi wa System R, ambamo SQL ilijaribiwa kwa mara ya kwanza. Kumbe lugha ya hifadhidata na lugha ya kuandikia miongozo yake zimepitia mikono ya mtu mmoja!

Lakini ukaribu huo haujazifanya zielewane. Kiini cha makosa mengi ni kwamba lugha zote mbili hung'ang'ania alama zile zile chache zilizo kwenye kibodi, kila moja ikizipa maana yake.

Hebu tuchukue mfano wa nyumbani. Lugha ya SQL hutumia ritifaa iliyonyooka kufungua na kufunga neno. Ukitaka orodha ya wakazi wa Kisumu, utaandika:

SELECT * FROM wakazi WHERE kaunti = 'Kisumu';

Mambo shwari. Sasa jaribu Murang'a. Ukiandika 'Murang'a', tarakilishi itaona neno Murang, kisha herufi a iliyoachwa yatima, halafu ritifaa nyingine inayofungua neno jipya lisilofungwa. Itagoma. Tiba yake katika SQL ni kuiandika ritifaa mara mbili: 'Murang''a'. Kila mwongozo mzuri hulieleza jambo hili, kwani hata Waayalandi wenye majina kama O'Brien wanalo tatizo hilo hilo. Sisi wenye Ng'ang'a, Ng'eno, Nyang'oma na kila ng'ombe wa nchi hii tunalo zaidi.

Tatizo ni jinsi mfano huo unavyofika machoni pa msomaji. Katika lugha ya alama inayotumiwa na Wikipedia, ritifaa mbili zinazofuatana ni agizo la kulaza herufi. Mwandishi akisahau kuutenga mfano wake kama msimbo, ritifaa zote mbili hutoweka na msomaji huona Muranga, ile a ikiwa imelala ubavu. Katika mfumo wa LaTeX, ambao wanasayansi huupenda kwa kupangia vitabu, ritifaa mbili hugeuzwa kuwa alama moja ya kufunga mtajo. Nazo programu za kawaida za kuchapia hujifanya werevu zikaipinda ritifaa iliyonyooka. Kwa jicho la binadamu, ritifaa iliyopinda na iliyonyooka ni ndugu wa tumbo moja. Kwa tarakilishi ni herufi mbili zisizojuana, kila moja na nambari yake. Karani mmoja akiingiza Murang'a kwa kibodi ya ofisini, na mwenzake akaingiza kwa simu inayopinda ritifaa, anayetafuta kwa mtindo mmoja hatawaona wakazi walioandikwa kwa mtindo wa pili. Hakuna onyo litakalotolewa. Orodha itatoka safi, ila pungufu.

Ndiyo maana mifano ya msimbo huchapwa kwa herufi za upana sawa, mithili ya zile za taipureta. Watu hudhani ni urembo. Kwa kweli, katika herufi za kawaida ritifaa mbili na alama moja ya mtajo hazitofautiki, ilhali katika SQL alama ya mtajo ya aina hiyo hufungia majina ya majedwali na safu zake, haifungii maneno ya data.

Mfano wa pili unatisha zaidi. Tuseme mwongozo unamfundisha mwenye duka kuondoa katika daftari wateja ambao madeni yao ni madogo kuliko kikomo fulani. Amri yenyewe ni hii:

DELETE FROM wateja WHERE deni<kikomo;

Alama ile ya "ndogo kuliko" ndiyo inayofungua kila tagi katika HTML. Ikifuatwa na herufi bila nafasi, kivinjari hudhani kimeletewa tagi mpya iitwayo kikomo. Kwa kuwa hakijui tagi hiyo, hukaa kimya na kuificha, pamoja na kila kitu hadi alama ya "kubwa kuliko" itakayofuata. Msomaji hubaki na maneno haya tu: DELETE FROM wateja WHERE deni. Akiyanakili na kuyatumia katika PostgreSQL, programu itakataa na kumwambia kwamba sharti hilo si sentensi ya kweli au uongo. Katika MySQL mambo ni mengine. Humo nambari yoyote isiyo sifuri huhesabiwa kuwa kweli, hivyo amri hiyo itatekelezwa na kufuta kila mteja mwenye deni, mdogo kwa mkubwa. Aliyekuwa akidaiwa shilingi elfu hamsini amesamehewa na ritifaa hata haijaguswa!

Dawa ya kosa hili ni rahisi mno: mwandishi aandike &lt; badala ya alama yenyewe, na kivinjari kitaionyesha inavyopasa. Ni vibonye vinne badala ya kimoja.

Visa vingine ni vya kupitia mbio. Katika Markdown, mtindo uliobuniwa na John Gruber mwaka 2004 na ambao siku hizi umeenea kote, vinyota viwili vikikumbatia maneno huyalaza na vyenyewe kutoweka. Ole wako uliyeandika kuzidisha mara mbili katika aya moja. Mistari miwili wima, ambayo katika SQL huunganisha maneno, huvunja jedwali la Markdown na kuzaa safu ambazo hakuna aliyeziomba. Navyo vistari viwili vinavyofuatana, ambavyo SQL huvitumia kuanzishia maelezo yasiyotekelezwa, hugeuzwa na baadhi ya programu kuwa kistari kimoja kirefu. Mstari uliokuwa wa maelezo unasomwa sasa kama amri, na amri yenyewe haina kichwa wala miguu.

Makosa ya aina hii yana afueni moja: yakishajulikana, mengi yanaweza kukamatwa na mashine. Kisa cha PostgreSQL ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi mwongozo wake uliandikwa kwa SGML, lugha iliyoruhusu njia za mkato. Mwandishi aliyechoka kuandika jina la tagi anapoifunga aliweza kuandika mkwaju tu ndani ya mabano yake, yaani "funga hiyo iliyo wazi". Ni kama yule mtu anayekuambia "lete ile kitu iko pale" akitarajia umwelewe. SGML ilielewa, lakini XML haielewi wala haitaki. Mnamo 2017, wakati wa kuuhamishia mwongozo kwenye XML, ilibidi vifungo hivyo vya mkato vibadilishwe katika maelfu ya mahali, kila kimoja kikitajwa kwa jina lake. Tangu hapo tagi isiyofungwa au iliyofungwa kwa mpangilio mbaya hukataliwa mapema, kabla mwongozo haujatolewa. Faili zenyewe, ajabu, bado zinaishia kwa sgml hadi leo. Ni kama steji inayoitwa "Kwa Mzee" ilhali mzee alihama zamani.

Lakini kuna tabaka jingine la makosa ambalo mashine haina habari nalo, na hapa ndipo ninapodai kwamba kazi hii ni ya wanalugha sawa na ilivyo ya wanateknolojia. PostgreSQL hutumia msamiati wa alama uitwao DocBook, ambao haumuulizi mwandishi neno lionekaneje, bali neno ni nini. Kuna tagi ya amri, tagi ya jina la faili, tagi ya neno la kunakiliwa lilivyo, na tagi ya neno la kubadilishwa na mtumiaji. Hizi mbili za mwisho ndizo huchanganywa mno. Mwongozo ukisema uandike DROP TABLE kisha jina, lile neno jina linapaswa kulazwa ili msomaji ajue kwamba ataweka lake pale. Likitiwa tagi ya kunakiliwa, mwanagenzi ataandika jina, kama lilivyo, kisha ashangae kwa nini tarakilishi inamwambia jedwali hilo halipo. Faili haina kosa lolote kisarufi. Mashine itaipitisha. Ni sawa na sentensi "Meza ilimla Juma": ngeli ni sahihi, upatanisho ni sahihi, maana ndiyo imepotea.

Mabano ya mraba nayo yana mtego huo huo. Katika maelezo ya sintaksia huonyesha kipande cha hiari, kwamba ukitaka weka, usipotaka acha. Katika PostgreSQL, hata hivyo, mabano hayo ni sehemu ya lugha yenyewe pale unapoandika orodha ya thamani. Ni msomaji makini tu awezaye kutambua yapi ni ya kuandikwa na yapi ni ya kueleza.

Uzito wa jambo hili huongezeka mwongozo unapotafsiriwa. Tagi ndiyo humwambia mtafsiri pa kugusa na pa kuacha. Neno SELECT likiwa limetiwa tagi ya amri, atajua kwamba akilifanya CHAGUA atakuwa amemharibia msomaji kazi. Likiachwa uchi katikati ya sentensi, lolote laweza kutokea. Kiswahili kina shida yake ya ziada: mara nyingi matini ya programu huacha pengo la jina litakalojazwa baadaye, kwa mfano "[pengo] imefutwa". Mwingereza halimsumbui pengo hilo. Kwetu jedwali limefutwa, faili imefutwa, kiungo kimefutwa, na watumiaji wamefutwa. Alama iliyoachwa bila kueleza pengo litajazwa na nini humlazimu mtafsiri kukisia ngeli. Na tukiongeza kwamba safu wima na safu mlalo zote huitwa safu na watu wenye haraka, mtafsiri anahitaji kila msaada anaoweza kupata.

Wapo wanaoona masahihisho haya kuwa kazi ya kijungujiko, eti ni nukta na mabano tu. Sikubaliani nao. Miradi kama PostgreSQL iko wazi: yeyote anaweza kuipata matini ghafi ya mwongozo, akarekebisha tagi moja, akaeleza kwa nini, na waangalizi wakaipima kabla ya kuipokea. Mhitimu wa isimu aliyezoea kusoma sentensi huku akiuliza kila neno lina dhima gani tayari ana nusu ya ujuzi unaohitajika. Nusu ya pili hujifunzwa kwa kufuata utaratibu mmoja ambao wasahihishaji wazoefu hawauachi: usiusome mfano katika faili ulikoandikwa. Usome katika ukurasa uliokamilika, kama atakavyouona mtumiaji, uunakili kutoka huko na uutekeleze katika hifadhidata ya majaribio yenye rekodi za uongo. Na miongoni mwa rekodi hizo, hakikisha yumo mkazi mmoja wa Murang'a.